Mota Yenye Ncha Mbili

Aru ni mji wa Ituri, karibu na mpaka wa Uganda. Huko ndugu wawili waliunda kigari cha waya. Magurudumu waliyakata katika kandambili kuukuu. Ndani ya kichezeo kilichovunjika walikuta mota ndogo. Kichuma chake cha kuzungukia kilitokeza pande zote mbili.

Mota hugeuza umeme kuwa mwendo. Mwaka 1821 Mwingereza Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, alifaulu kuufanya waya wenye umeme uizunguke sumaku.

Mota ndogo huzunguka upesi sana, lakini nguvu yake ni kidogo. Kwa hiyo wale ndugu hawakutia magurudumu katika ncha zake. Walitumia mipira miwili na makapi makubwa mawili ya mti. Ncha ya kushoto ilivuta magurudumu ya mbele, ncha ya kulia ilivuta ya nyuma. Kitu chembamba kikizungusha kapi kubwa, mwendo hupungua, nguvu huzidi.

Walipotia betri, mkubwa alitazama ncha ya kulia. Akasema, “Inazunguka kama mishale ya saa.”

Mdogo alitazama ya kushoto. “Hapana, kaka, inazunguka kinyume.”

“Wewe mwongo!”

Wakabishana sana. Mwishowe wakaupinda mpira wa mbele mfano wa nane, ili magurudumu yote yaende upande mmoja. Kumbe! Kigari kilitetemeka pale pale, na mota ikaanza kupata moto.

Jirani yao, fundi wa baiskeli, akapaza sauti: “Toeni betri, wanangu! Mota iliyozuiwa huungua. Haya, badilishaneni mahali.”

Wakabadilishana, na kila mmoja akaona alichokiona mwenzake. Kisha fundi akawaonyesha mashine yake ya kunoa, yenye mawe mawili.

“Ncha ni mbili, chuma ni kimoja,” akasema. “Anayetazama kulia na anayetazama kushoto huona kinyume, na wote wawili wasema kweli. Tena, ncha mbili si nguvu mbili. Nguvu ni moja, nayo hugawanyika. Nikikandamiza chuma juu ya jiwe hili, na lile la pili hupunguza mwendo.”

Wale ndugu wakaunyosha mpira, wakatia betri. Kigari kikaenda mbele, magurudumu manne yakivuta pamoja.

Mkubwa akasema, “Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuita mwongo bure.”

Kabla ya kumwita mwenzako mwongo, nenda kwanza utazame toka mahali aliposimama yeye.

Maswali

1. Kwa nini magurudumu hayakutiwa katika ncha za mota?
2. Kwa nini kigari hakikwenda mpira ulipopindwa?
3. Ncha mbili zina nguvu ngapi? Eleza.
4. Zungusha penseli, uitazame toka ncha zote mbili. Waona nini?