Magego ya Mwisho: Lini Yang'olewe, Lini Yaachwe

Mtu mzima aliyekamilika ana meno 32. Katika hayo, manne huchelewa kuliko yote, nayo ndiyo magego ya mwisho, moja katika kila pembe ya kinywa. Waingereza huyaita meno ya hekima, kwa kuwa hutoka mtu anapoacha utoto, aghalabu kati ya miaka 17 na 25. Kwetu Afrika Mashariki huweza kutangulia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1985 ulionyesha kuwa Waafrika wa Kenya hutokwa nayo miaka miwili au mitatu kabla ya Wahindi wa nchi ile. Basi mwalimu akimwona mwanafunzi ameshika taya darasani, asifanye haraka kumwita mvivu.

Sisi wa Mchuchuma na vijiji vingine vya Ludewa tuna sababu ya kulijua jambo hili kuliko watu wa mjini. Safari ya Njombe ni ndefu, ya Makambako ndefu zaidi, na wakati wa mvua njia za milimani huteleza. Mtu husema, "Nitakwenda baada ya palizi." Pengine yu sawa, maana maumivu mengine hungoja. Mengine hayangoji hata kuche.

Gego lililotoka wima, likakutana vema na mwenziwe, na mswaki ukalifikia, halina kosa, liachwe. Wako watakao ling'olewe mapema ili lisiwasumbue baadaye. Huko Uingereza, mwaka 2000, taasisi ya serikali ishaurio mambo ya tiba ilitoa neno kwamba magego ya mwisho yasiyo na ugonjwa yasing'olewe kwa kujikinga tu. Sababu yake yafahamika: karibu na mizizi ya gego la chini hupita mshipa wa fahamu wa mdomo na kidevu, na mwingine wa ulimi. Ukiumizwa, mdomo au ulimi hufa ganzi kwa majuma kadhaa, na mara chache ganzi hiyo haiondoki kabisa. Kwa nini mtu aikabili hatari hiyo bure?

Shida huanza pale taya linapokosa nafasi. Gego hulala ubavu, au hutoka nusu, na ufizi hulifunika kama kofia. Chakula huingia chini ya kofia hiyo, kikaoza, ufizi ukavimba na kunuka. Ikiwa ni mara ya kwanza na uvimbe si mkubwa, kwa kawaida hupoa kwa kusafishwa. Chukua glasi ya maji ya vuguvugu, tia chumvi nusu kijiko cha chai, usukutue baada ya kila mlo, wala usiache kupiga mswaki pale panapouma. Usiweke aspirini juu ya ufizi, maana huunguza nyama. Ugonjwa ukirudi mara ya pili, ndipo yapasa kumwuliza mganga wa meno wa hospitali kama ling'olewe. Hali kadhalika gego lililotoboka hata haliwezi kuzibwa, au lenye usaha, au linaloliharibu jino la mbele yake. Tena uko uvimbe ujifichao ndani ya taya, usioonekana ila kwa picha ya eksirei.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwaka 1836 tabibu mmoja wa Ujerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, alieleza ugonjwa wa uvimbe mgumu chini ya kidevu, uletao kifo kwa upesi. Leo yajulikana kuwa mara nyingi huanzia katika magego ya chini. Mizizi yake hufika chini ya msuli ulio sakafu ya kinywa, na usaha ukitoka hapo hushukia shingoni. Uvimbe huusukuma ulimi juu na nyuma, hata njia ya pumzi ikazibika. Mgonjwa huyu haumizwi na jino tu, anakabwa.

Dalili zake ni hizi: kinywa hakifunguki hata vidole viwili viingie; mate yadondoka kwa kuwa kumeza kwauma; ulimi umeinuka; sauti imebadilika; uvimbe umeshuka chini ya taya, na homa ipo. Ikionekana mojawapo ya hizo pamoja na uvimbe, apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku. Akishindwa kumeza au kuvuta pumzi vema, asingojewe hata saa moja. Aketi wima njiani, asilazwe chali. Vidonge vilivyobaki nyumbani havitoshi, wala koleo la fundi lisikaribie kinywa chake. Hapa ndipo mkuu wa kijiji huwa na kazi, kwani jamaa wa mgonjwa huenda hawana gari wala nauli.

Aliyeng'olewa gego na aume pamba kwa nusu saa. Siku ile asisukutue, asivute tumbaku wala asinywe pombe, ili damu iliyoganda katika shimo isitoke. Kesho yake aanze maji ya chumvi polepole. Kuuma kidogo ni desturi. Bali maumivu yakizidi siku ya tatu, na kinywa kikanuka, arudi kwa mganga aliyemng'oa, maana shimo limekauka nalo lataka kusafishwa na kutiwa dawa.