Maisha Yakibadilika Ghafla: Tujifunze kwa Mtakatifu Bakhita



Kijana mwenzangu, hapa Mombo tumezoea kuona watu wakishuka kwenye basi na kubadilisha gari kwenda Soni na Lushoto. Hayo ni mabadiliko mtu aliyoyapanga, na nauli anayo mfukoni. Lakini kuna mengine hayapigi hodi. Baba anafariki uko kidato cha tatu, ada inakatika. Mvua inashusha udongo, shamba la familia linaondoka. Uchumba unavunjika na ndoa imeshatangazwa kanisani. Hapo tumaini la Mkristo ni lipi hasa?

Bakhita ni nani?

Mtakatifu Yosefina Bakhita alizaliwa Darfur, Sudan, mwaka 1869 hivi. Akiwa mtoto alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa. Kwa hofu akasahau hata jina alilopewa na wazazi. "Bakhita", yaani mwenye bahati, ni jina la watekaji. Aliuzwa mara kadhaa, akapigwa, akachanjwa makovu mwilini. Si habari ngeni kwetu: karne hiyo hiyo misafara ya watumwa ilipita bonde hili letu, na Mazinde ilikuwa kituo cha biashara.

Mwaka 1885 alifikishwa Italia. Huko Venice, kwa Masista Wakanosa, akamjua Kristo. Bibi aliyemtumikia alipotaka kumrudisha Afrika, alikataa. Tarehe 29 Novemba 1889 mahakama ikatamka kuwa yuko huru. Alibatizwa 9 Januari 1890, akawa sista, akafariki 8 Februari 1947. Papa Benedikto XVI alimtaja kama mfano wa tumaini katika waraka wake Spe Salvi wa mwaka 2007.

Tujifunze nini?

1. *Tumaini si kurudishiwa ya jana.* Bakhita hakuwaona tena wazazi wake, wala makovu hayakufutika. Alichopata ni kumjua Bwana anayempenda, ambaye naye alipigwa viboko. Kwa hiyo usimwambie aliyefiwa kwamba mambo yatakuwa kama zamani. Hayatakuwa. Mwambie hayuko peke yake.

2. *Tumaini haliuiti uovu kuwa wema.* Bakhita aliwasamehe waliomtesa, lakini hakukubali kurudi utumwani. Ukinyanyaswa nyumbani au kazini, kusema "hapana" na kutafuta msaada si kukosa imani.

3. *Tumaini hutembea na watu.* Wanafunzi wa Emau (Lk 24:13-35) walishakata tamaa, na Yesu alikuwa njiani pamoja nao kabla hawajamtambua. Bakhita alikutana naye kwa masista. Wewe waweza kukutana naye kwenye jumuiya ndogo ndogo, kwa katekista, au kwa rafiki anayekaa nawe kimya. Usijifungie ndani.

Zoezi la wiki

Soma Injili ya Emau taratibu. Kisha jiulize: ni kitu gani nilikuwa natumaini, kikavunjika? Nimeshamwambia Yesu, au namficha? Halafu mtafute kijana mmoja ambaye maisha yamemgeuka mwaka huu, umtembelee. Usiende na mahubiri. Nenda na masikio.

Tusali

Ee Bwana Yesu, njia niliyoijua imefungwa, na mbele sioni vizuri. Tembea nami. Nipe nguvu ya leo, na ya kesho unitunzie. Amina.

Mtakatifu Yosefina Bakhita, utuombee.