Dondoo muhimu: Kuanza kuprogramu kerneli

Kosa kwenye programu ya kawaida huifunga programu hiyo. Kosa kwenye kerneli, kiini cha mfumo endeshi, laweza kuangusha kompyuta nzima.

1. Shika kwanza lugha ya C, hasa vielekezi. Wengi hukwama hapo.
2. Jaribia ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta, kamwe si kwenye kompyuta yenye kazi zako.
3. Soma kodi ya xv6, mfumo endeshi wa kufundishia wa MIT, kabla ya ile ya Linux. Ni ndogo, utaimaliza.
4. Usitafute printf, haimo kwenye kerneli. Kwenye Linux tumia printk, kisha usome ujumbe kwa amri ya dmesg.
5. Usitangaze safu kubwa ndani ya fanksheni: staki ya kerneli ya Linux kwenye x86-64 ni KB 16 tu.
6. Kagua kila jibu la kmalloc, fanksheni ya kuomba kumbukumbu. Huenda ni NULL.
7. Ujumbe wa oops, yaani ripoti ya kosa la kerneli, usikutishe. Usome wote: hutaja fanksheni iliyokuwa ikiendeshwa.