Ukingo Kando ya Barabara: Tujifunze Kabla ya Kujenga

Somo la robo hii kwa kamati za maendeleo za sharika na marafiki wa dayosisi



Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22 mstari wa 8, lipo agizo fupi ambalo wengi wetu hulipita haraka. Mtu anayejenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukuta mdogo kuzunguka juu ya nyumba yake, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Nyumba za wakati ule zilikuwa na paa tambarare, na watu walikaa huko juu jioni. Agizo halikuishia kuwaambia wageni wawe waangalifu. Lilimpa mwenye nyumba wajibu wa kuweka kinga.

Robo hii nimeona vema tulitumie agizo hilo kujifunza habari za kingo za barabarani, yaani vile vyuma na kamba za chuma zinazowekwa pembeni ili gari likipotea lisiporomoke bondeni au kugonga kitu kigumu. Sababu ni mbili. Kwanza, kamati kadhaa zimeleta maombi ya fedha za kuweka "uzio wa barabarani" mbele ya makanisa, shule na zahanati zetu. Pili, sisi wenyewe tulishawahi kufanya hivyo, tukakosea, na mtu akaumia. Ni haki mlijue jambo hilo, hasa ninyi mliotoa fedha.

Barabara yetu imebadilika

Kaliua ipo kwenye njia ya zamani sana. Misafara ya karne ya 19 ilipita nchi hii kati ya Ujiji na Tabora, kisha ikaendelea hadi Bagamoyo, na wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya zaidi ya kilo 30 begani. Baadaye ikaja reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kaliua ikawa njia panda ya reli ya kwenda Mpanda, na mwaka 2012 ikawa wilaya inayojitegemea.

Miaka ya karibuni lami imepita Urambo na Kaliua kuelekea Malagarasi na Kigoma. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Mgonjwa anafika Tabora mapema, na tumbaku, mahindi na asali vinafika sokoni. Lakini vumbi na mashimo ya zamani yalikuwa na faida moja ambayo hatukuitambua: yalimlazimisha dereva aende polepole. Lami imeondoa breki hiyo.

Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya gari kugonga haiongezeki mara mbili tu, bali mara nne. Gari la kilomita 100 kwa saa lina nguvu mara nne ya lile la kilomita 50. Ndiyo maana sheria yetu inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29.

Kosa letu

Miaka michache iliyopita usharika wetu mmoja ulio kando ya barabara kuu uliomba msaada. Uwanja ambao watoto wa shule ya Jumapili huchezea ulikuwa karibu mno na lami. Kamati ilipendekeza kamba ya waya, iliyotoka kwenye winchi ya lori la magogo, ifungwe juu ya nguzo nene za mti mgumu mbele ya uwanja wote. Wananchi walichimba mashimo kwa nguvu zao. Mimi nilisaini fomu na fedha za wafadhili zikalipa zege na usafiri. Tuliomba, tukapiga picha, tukaandika taarifa nzuri.

Jioni moja kijana wa bodaboda alikuwa akimrudisha mama yake kutoka mnadani. Lori lililokuwa likija mbele yake lilitanua kulipita jingine, naye akatoka nje ya lami kujiokoa. Pale ambapo zamani palikuwa na nafasi wazi alikutana na kamba yetu. Haikuwa na kiakisi mwanga hata kimoja. Mama alipata michubuko. Kijana alivunjika paja, na hadi leo anachechemea.

Mhandisi wa barabara alipokuja kukagua hakutugombeza. Alitembea nasi kutoka ncha moja ya kamba hadi nyingine akatuonyesha makosa manne. Nayaandika hapa kama alivyotufundisha, pamoja na niliyojifunza baadaye, maana ndiyo somo lenyewe.

Kosa la kwanza: ukingo nao ni hatari

Tulidhani ukingo ni kitu kizuri popote unapowekwa. Sivyo. Ukingo ni kitu kigumu kilichosimama kando ya barabara, na anayeugonga anaweza kuumia. Huwekwa pale tu ambapo kilichopo nyuma yake ni kibaya zaidi: bonde, mto, tuta refu la barabara juu ya mbuga, au nguzo ya daraja.

Kwa hiyo wataalamu huuliza maswali kwa mpangilio. Je, hatari yenyewe inaweza kuondolewa? Ikishindikana, je, inaweza kuhamishwa mbali na lami? Ikishindikana, je, mteremko unaweza kulainishwa ili gari lishuke bila kupinduka? Yote yakishindikana, ndipo ukingo unapofikiriwa. Sisi tulianzia mwisho. Uwanja wa watoto ungeweza kuhamishiwa nyuma ya kanisa tangu siku ya kwanza.

Kosa la pili: hatukujua kamba inavyofanya kazi

Ukingo halisi wa kamba za chuma huwa na kamba tatu au nne zenye unene wa milimita 19 hivi, zikiwa zimeshikwa na nguzo nyembamba. Nguzo zinatakiwa ziwe dhaifu. Gari likigonga, nguzo hulala, kamba hubaki, nazo hulipokea gari kama wavu unavyopokea mpira na kulirudisha taratibu kwenye mwelekeo wa barabara. Nguzo zetu zilikuwa nene kama paja la mtu mzima. Hazingelala, zingesimamisha gari kwa ghafla, na mwendesha pikipiki asingekuwa na nafasi kabisa.

Tena kamba hupinda kuelekea nyuma mita 2 hadi 3 inapogongwa. Eneo hilo lote lazima liwe tupu. Ukingo wa bati la mawimbi, ambao wengi wetu tumeuona kwenye maingilio ya madaraja, hupinda kidogo zaidi ya nusu ya hapo au chini yake, lakini nao unahitaji nafasi. Watoto wetu walikuwa wakiiegemea kamba ile. Hata kama ingefanya kazi sawasawa, ingewapiga wao.

Nchi ya Sweden inatupa mfano wa kamba zilizowekwa kwa utaratibu. Kuanzia mwaka 1998 waliweka kingo za kamba katikati ya barabara zao za njia tatu ili magari yasigongane uso kwa uso, na vifo kwenye barabara hizo vilipungua sana. Kazi hiyo ilifanywa na wahandisi, kwa vipimo, na kwa bajeti ya matengenezo ya kila mwaka.

Kosa la tatu: ncha na mkazo

Nguvu yote ya kamba inashikwa na ncha zake mbili. Ncha hizo hufungwa kwenye zege kubwa lililozikwa ardhini. Sisi ncha moja tuliizungushia mwembe, na nyingine tuliifunga kwenye zege dogo ndani ya mchanga. Mvua ya kwanza ilipoloanisha mchanga, zege lilianza kuinuka na kamba ikalegea.

Kamba za kisasa hukazwa kwa nguvu inayofikia takribani tani mbili na nusu kila moja. Joto huzilegeza na baridi huzikaza, kwa hiyo fundi hupima joto la kamba na kufuata jedwali la mtengenezaji. Kamba ya Oktoba mchana si sawa na kamba ya Julai alfajiri. Hapa nasisitiza jambo la usalama: mtu yeyote asikate kamba iliyokazwa, hata kama gari limenasa. Ikikatwa huruka kama mjeledi na inaweza kuua. Mkazo hulegezwa kwanza, kwa kifaa chake cha kukazia, na fundi anayekijua.

Kosa la nne: hatukuwa kwenye ardhi yetu

Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kamba yetu yote ilikuwa ndani ya hifadhi. Hakuna usharika, kijiji wala mfadhili mwenye ruhusa ya kujenga humo bila kibali, hata kwa nia njema. Barabara kuu na za mkoa zinasimamiwa na TANROADS, na za wilaya zinasimamiwa na TARURA iliyoanzishwa mwaka 2017.

Basi kazi ya kamati ni ipi?

Kujenga kingo si kazi yetu. Kuzitunza kwa macho ni kazi tunayoiweza, maana sisi tunapita kila siku na mhandisi anapita mara chache. Mkiwa na ukingo wa bati karibu na usharika wenu, mwangalie mambo haya kila baada ya miezi mitatu, na mara baada ya mvua kubwa:

1. Bolti. Kila kiungo cha mabati mawili kwa kawaida hushikwa na bolti nane. Zikipungua, ukingo utafunguka siku ya ajali.
2. Mpandano. Bati la upande magari yanakotoka linapaswa kulalia juu ya lile linalofuata. Likiwekwa kinyume, ncha yake huchoma gari kama mkuki.
3. Kimo. Kwa kawaida bati hufika sentimeta 70 hadi 80 kutoka ardhini. Udongo ukirundikana au lami ikiongezwa, ukingo huwa mfupi na gari huweza kuupanda.
4. Nguzo. Angalieni kama zimelala, au kama maji yamekula udongo kwenye mizizi yake. Udongo wetu wa kichanga huondoka upesi.
5. Ncha. Bati lisianze wazi likiwa limeelekea magari yanayokuja.
6. Nyasi na viakisi. Ukingo usioonekana usiku ni mtego.

Mkiona kasoro, msiguse. Andikeni barua yenye tarehe, jina la kijiji na namba ya nguzo ya kilomita iliyo karibu, ambatanisheni picha, mpelekee meneja wa mkoa anayehusika, na mbaki na nakala iliyogongwa mhuri. Ikipita miezi miwili bila jibu, andikeni tena mkitaja barua ya kwanza.

Lipo jambo jingine ambalo ni gumu kulisema kanisani. Bolti na mabati ya barabarani huibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu, na mengine huishia kuwa majembe na vifaa vya nyumbani. Wezi hawatoki mbali. Anayenunua bolti ya ukingo kwa bei ya chini anauza maisha ya abiria wa basi la usiku. Wazee wa kanisa na walimu wa kipaimara walifundishe jambo hili waziwazi.

Fedha za wafadhili zifanye nini?

Baada ya ajali ile tuliwaandikia wafadhili ukweli wote. Ilikuwa barua ngumu kuliko zote nilizowahi kuandika. Kamba iliondolewa. Fedha zilizobaki, kwa ridhaa yao, zilihamishia uwanja wa watoto nyuma ya kanisa, zikajenga uzio ndani ya kiwanja chetu, na lango likageuzwa lielekee njia ndogo ya pembeni. Tuliomba pia kivuko cha watembea kwa miguu na matuta ya kupunguza mwendo. Ombi hilo tunaendelea kulifuatilia.

Tangu hapo nimeweka utaratibu: hakuna mradi wowote karibu na barabara utakaopata saini yangu bila barua ya mamlaka ya barabara na bila fungu la matengenezo. Ndugu wafadhili, mkiona maombi yetu yanachelewa, mvumilie. Ndugu wanakamati, mkiona ninauliza maswali mengi, msikasirike. Yule kijana hunisalimia kila ninapofika usharikani kwake. Ananiita "Baba Mratibu", ananipokea mkoba, kisha tunatembea pamoja hadi ofisini kwa mwendo wake.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni hatari gani kando ya barabara karibu na usharika wetu inayoweza kuondolewa au kuhamishwa bila kujenga ukingo?
2. Je, lango letu, kisima chetu na uwanja wa watoto viko mita ngapi kutoka katikati ya barabara? Pimeni kwa futi kamba, msikisie.
3. Nani katika kamati atakagua kingo kila robo, na nani atatunza nakala za barua?
4. Je, tuna mradi tulioujenga kwa nia njema lakini sasa unaweza kumdhuru mtu? Tumwambie nani, na lini?

Bwana awabariki na kuwalinda katika safari zenu zote.

Mratibu wa Miradi ya Dayosisi