Dhahabu ya Mke katika Nyumba ya Mume

Darsa yetu ya leo ni katika jambo ambalo watu wa Mji wa Kale, toka Kuze hata Kibokoni, hulionea haya kulitaja mpaka siku liwafikishapo mbele ya kadhi.

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 4, Mwenyezi Mungu ameamrisha wake wapewe mahari yao, wala mume hahalalikiwi na chochote humo ila alichoachiwa na mkewe kwa ridhaa. Sharia haikuchanganya mali za wawili hawa: mke ana chake, na nafaqa ni juu ya mume. Mahari iliyoakhirishwa ni deni, hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa.

Ugumu uko hapa. Mke huuza vikuku vyake, mume akaezekea nyumba, na neno halikusemwa. Je, ile ilikuwa hiba, mkopo, au shirika? Mume akifa akaacha watoto, mjane hupewa thumuni ya nyumba ambayo pengine nusu yake ni dhahabu yake, na mashemeji humwambia alete mashahidi. Lau iliandikwa mkopo, angelilipwa kwanza. Lau shirika, fungu lake lingelitengwa kwanza, kisha akarithi thumuni katika fungu la marehemu. Na wasemao kuwa kuandikiana ni kukosa mapenzi, twawauliza: aya ya 282 ya Suratul-Baqara, iamrishayo deni liandikwe na lishuhudiwe, imewatoa wapi mume na mke?

Wala mume asingoje maradhi ya mauti ndipo ampe mkewe nyumba. Kipawa cha wakati huo huhukumiwa kama wasia, na wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wengine waridhie.

Sheria ya serikali nayo haizuii. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, kifungu cha 3, yamruhusu Mwislamu kufuata sharia ya dini yake katika mali ya ndoa, na kifungu cha 6 chawaruhusu wachumba kupatana juu ya mali kabla ya kuoana. Lakini sharti la kumwondolea mume nafaqa lisitiwe, kwani ni batili.

Basi hati itaje kiasi, tarehe, aina ya mapatano, na mashahidi wawili. Kwa kuwa hapa kisiwani, khasa Majengo, wengi wana nyumba bila ya ardhi, ibainishwe kama fungu ni la jengo tu au na kiwanja. Kisha iwekwe katika sanduku ambalo mke naye ana ufunguo wake.