Ukuta wa Chara na Vineli vya Kaboni: Suala la Istilahi

Makala haya yanaanzia Chara, upande wa Garsen katika delta ya Mto Tana, ambako nyumba za miti na udongo zingali zikijengwa. Miti husimikwa, fito zikafungwa, kisha udongo ukakandikwa. Udongo peke yake hupasuka; fito peke yake hupitisha upepo. Vikishikana, hupatikana kitu chenye nguvu ambazo hakuna kimojawapo kilichokuwa nazo. Watu wa delta, waliohamishwa na mafuriko ya mwaka 2018 na ya 2023, hawahitaji kufundishwa thamani ya ukuta.

Wahandisi hufanya vivyo hivyo kwa nyuzi za mawe. Jiwe la basalti huyeyushwa katika joto la Selsiasi 1,400 hadi 1,500, likavutwa kuwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, kisha nyuzi hizo zikashikwa kwa gundi inayogandamana. Udhaifu upo pale uzi unapokutana na gundi, kwani hapo ndipo vinapobandukana. Dawa iliyobuniwa ni kuuotesha uzi manyoya. Uzi hutiwa chembe ndogo mno za chuma, ukawekwa katika tanuri lenye joto la Selsiasi 700 hivi, na gesi yenye kaboni, kama vile asetilini, ikapitishwa. Gesi huvunjika juu ya chuma, ambacho ndicho kichocheo, na kaboni ikaota kuwa vineli vyenye kipenyo cha nanomita chache tu. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Vineli hivyo hujikita katika gundi mfano wa mizizi. (Joto hilo hilo, likizidi, huudhoofisha uzi, faida ikaliwa na hasara.)

Faida ya pili ndiyo iliyonivutia zaidi. Basalti haipitishi umeme, lakini vineli hupitisha. Kitu kikivutwa, au kikipata ufa ndani, njia za umeme hukatika na ukinzani hupanda. Mpimaji huujua ufa kabla jicho halijauona. Ukuta wa Chara hauna uwezo huo. Mwenyewe huuona ufa ukiwa umekwisha kuwa ufa, ndipo akakanda udongo wa kuziba.

Hapa sisi wanafunzi wa lugha tuna deni. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Sumio Iijima wa Japani akavieleza vineli hivi mwaka 1991. Kamusi haina lawama. "Ukinzani" na "kichocheo" tunavyo. Je, kitu chenyewe tukiiteje? "Mchanganyiko" hautoshi: chumvi ikichanganywa na maji hupotea machoni, ilhali fito hubaki fito ndani ya ukuta. Napendekeza "kandiko", na kwa sifa ya kuzitambua nyufa zake, "kandiko linalojihisi". Atakayepinga na alete neno lake, mradi fundi wa Chara alielewe bila ya kufasiriwa.