Misimu Inayodumu: Mfano wa 'Daladala'

Misimu huelezwa mara nyingi kuwa ni maneno yazukayo na kutoweka baada ya muda mfupi. Maelezo hayo hayatoshi. Mabasi ya watu binafsi yaliporuhusiwa jijini Dar es Salaam mwaka 1983, makondakta waliita abiria kwa kutaja nauli: "dala, dala!" Dala ilikuwa simo ya shilingi 5. Simo hiyo imekwishatoweka pamoja na thamani ya sarafu yenyewe, lakini 'daladala' limebaki, na leo halina ladha yoyote ya kihuni. Ndivyo ilivyo kwa 'matatu' la Nairobi, lililotokana na nauli ya senti 30, yaani sarafu tatu za senti kumi.

Kinyume chake, 'suka' (dereva) na 'kichwa' (abiria) yangali maneno ya watu wa kazi hiyo. Dereva na abiria walikwisha kuwa na majina. Anayesema 'suka' hutambulisha zaidi kundi lake kuliko mtu anayemtaja. Gari lisilo la UDA, shirika la umma la miaka hiyo, lilihitaji jina la kulipambanua, na lililokuwa tayari ni lile lililopigiwa kelele kituoni.